Dawati la masomo ya nyumbani Mtwara: bahasha inafika, Zoom haifiki

Likizo ya Juni, likizo ya Desemba, na kila shule inapofungwa ghafla, shule moja ya binafsi mjini Mtwara hufungua huduma ambayo wazazi wameizoea kwa jina la "dawati". Ni meza yenye wahudumu wawili, simu mbili, mashine ya kutoa kopi na kabati la bahasha za kaki. Kazi yao ni kuhakikisha mwanafunzi wa darasa la tatu hadi kidato cha nne anapata kazi za shule akiwa nyumbani, na mlezi wake anajua azifanyie nini. Jina la shule tumeliacha kwa makusudi. Fomu za namna hii zinaweza kumfikia mzazi yeyote wa Mtwara au Lindi, na maelezo haya yamfae popote mtoto wake anaposoma.

Mwenye haraka achukue hukumu yetu hapa: bahasha ya karatasi ni nzuri sana. Namba ya simu ni nzuri, ila inafungwa mapema. Kundi la WhatsApp linafaa kwa anayejua kulitumia. Vipindi vya Zoom, yaani masomo ya video ya moja kwa moja kwenye simu, havina msaada kwa familia nyingi. Usahihishaji ndio donda, na shule isipolitibu, mengine yote yatapungua thamani.

Tunapima kwa swali moja tu: je, mtoto anaweza kusoma siku ambayo simu ya nyumbani haipo nyumbani? Nyumba nyingi za huku zina simu janja moja. Baba akiingia baharini Mikindani au mama akienda shamba Nanguruwe, simu inaondoka nao asubuhi. Inarudi magharibi ikiwa na chaji ya kubahatisha, na pengine umeme umekatika. Mpango unaomtaka mtoto awe kwenye kioo saa 4 asubuhi haukumfikiria mtoto huyu.

Wala si jambo la likizo tu. Machi 17, 2020 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipotangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona, tangazo lilikuwa la siku 30. Kidato cha sita walirudi Juni 1, madarasa mengine Juni 29. Mwaka uliotangulia, Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kinaelekea pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, Mtwara ilisimamisha shughuli kwa tahadhari. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaleta mvua zilizokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa, na siku chache baadaye, Mei 12, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zikapata hitilafu na mtandao ukasuasua nchi nzima. Wiki kama ile, shule inayotegemea intaneti peke yake inabaki na orodha ya majina tu. Iliyokwisha kugawa karatasi inaendelea.

Tuanze na fomu, maana hapo ndipo mambo mengi huharibikia. Fomu ya dawati ina nafasi ya namba mbili: ya mlipaji ada, na ya mtu anayeishi na mtoto siku za likizo. Wazazi wengi hujaza namba moja mara mbili. Matokeo yake ujumbe wote unakwenda kwa baba aliyeko Dar es Salaam, na bibi aliye na mtoto Newala hajui kwamba bahasha iko stendi tangu juzi. Kwa familia za Kimakonde na Kimakua jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu mara nyingi mjomba ndiye msimamizi wa mtoto. Jaza namba ya mjomba bila haya, hata kama fomu imeandikwa "Baba/Mama". Dawati linaipokea. Andika pia aina ya simu: janja au kitochi. Sehemu hii watu huiruka, na ndiyo inayoamua kama utatumiwa sauti za WhatsApp au utapigiwa. Vitochi vyenye mfumo wa KaiOS vilikuwa na WhatsApp zamani, lakini WhatsApp ilisitisha huduma kwa mfumo huo mwanzoni mwa 2025. Kama simu yako ni ya aina hiyo, jaza "kitochi".

Sasa bahasha yenyewe. Ya wiki mbili kwa kidato cha pili ina kurasa kama 60, zimebanwa kwa somo. Kila somo lina karatasi ya rangi juu: manjano Hisabati, kijani Baiolojia, waridi Kiswahili, bluu Kiingereza, na kadhalika. Mtu aliyebuni rangi hizo anastahili pongezi. Bibi asiyesoma Kiingereza anaambiwa kwa simu, "Leo ni ya manjano, ukurasa wa kwanza na wa pili," naye anaipata bila kumsubiri mjukuu amsomee. Juu kabisa kuna "karatasi ya mzazi", ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza kazi ya kila siku, muda wake, na kile ambacho mlezi atakagua bila kulijua somo: je, hesabu zote 8 zimeandikwa njia, si jibu tu? Je, insha imefika ukurasa mmoja? Je, mchoro una majina ya sehemu zake? Mlezi anaweza kuyakagua haya hata kama aliishia darasa la nne.

Kazi ya siku ni saa mbili na nusu kwa sekondari, saa moja na nusu kwa msingi. Tunakubaliana na kiasi hicho. Shule inayojaza saa sita inajidanganya. Mtoto wa Tandahimba mwezi Novemba ana korosho za kuokota, na akipewa mzigo asiouweza atauacha wote.

Ukurasa uliotufurahisha kuliko wote ni wa Fizikia kidato cha tatu. Maabara haipo nyumbani, lakini mwalimu hakuliruka somo la vitendo. Ametoa jaribio la pendulumu linalohitaji uzi wa kushonea mita moja na nusu, nati ya baiskeli au jiwe dogo, rula, msumari kwenye boriti, na saa ya simu au ya mkononi. Mwanafunzi anafunga nati, anapima urefu wa uzi sm 30, 40, 50, 60 na 70, na kwa kila urefu anahesabu mibembeo 20 kamili, yaani kwenda na kurudi. Muda anaupata kwa kugawanya kwa 20, kisha anauzidisha kwa wenyewe. Akichora grafu ya muda huo wa kipeo cha pili dhidi ya urefu kwa mita, mstari unatakiwa kunyooka na mteremko wake ukaribie 4. Kutokana na huo anakokotoa mvutano wa dunia, karibu 9.8.

Karatasi inaeleza pia yanayoharibu jaribio, na hapo ndipo unapomwona mwalimu aliyewahi kulifanya kwa mikono yake. Urefu upimwe kuanzia msumari hadi katikati ya nati, si hadi fundo. Uzi usivutwe pembeni sana, vidole vitatu vinatosha. Jaribio lisifanyiwe mlangoni, kwa sababu upepo wa pwani husukuma nati izunguke badala ya kubembea. Na kuna kipimo cha kujihakiki: kwa sm 50, mibembeo 20 huchukua kama sekunde 28. Ukipata 14 umehesabu nusu za mibembeo, kwenda moja na kurudi moja. Kwa sentensi hiyo moja mtoto anajisahihisha bila mwalimu. Kurasa zote zingekuwa hivi, tusingekuwa na la kudai.

Bahati mbaya si zote. Kemia imetoa maswali ya titresheni, jaribio la kupima asidi na besi, kana kwamba mtoto ana bureti na pipeti za maabara chumbani. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne anahitaji jedwali la vipimo vilivyokwisha kuchukuliwa ili afanye hesabu tu, na jedwali hilo halimo. Jiografia inataka kusoma ramani, lakini ramani imetolewa kopi nyeusi mara nyingi mpaka kontua, mistari ya miinuko, zimeungana. Hisabati ya logarithimu inahitaji kitabu cha majedwali, nacho hakimo. Mzazi aulize mapema, apige kopi za kurasa chache zinazohitajika kabla ya kuondoka mjini. Karatasi za grafu pia hazimo: nunua nne au tano steshenari, si zaidi.

Usafiri wa bahasha umepangwa vizuri. Wa mjini, yaani Shangani, Ligula, Chikongola, Majengo, Magomeni, wanachukua wenyewe dawatini. Walio mbali wanatumiwa kwa basi au Hiace, na mpokeaji hulipa mzigo stendi. Jina kwenye bahasha liwe la mpokeaji anayejulikana stendi, na namba ya simu iandikwe pande zote mbili kwa kalamu ya mafuta. Kalamu ya wino wa maji ikilowa, namba imekwenda. Barabara ya Mtwara hadi Mnivata ni lami, kilomita 50. Kuanzia hapo kuelekea Tandahimba na Newala, mvua za Januari hadi Machi zinaweza kuchelewesha gari. Funga bahasha ndani ya mfuko wa nailoni kabla ya kuikabidhi. Dawati linayo mifuko hiyo, ila ni lazima uiombe, na hatuelewi kwa nini isiwe kawaida kwa kila bahasha ya msimu wa mvua.

Tatizo lililojificha ndani ya bahasha ni vitabu. Karatasi nyingi zinasema "soma ukurasa wa 45 hadi 52 wa kitabu cha TET kisha jibu". Kama kitabu kimebaki shuleni, kazi imekufa hapohapo. Dawa ipo na ni bure: Taasisi ya Elimu Tanzania, ndiyo hiyo TET, ina maktaba mtandao kwenye ol.tie.go.tz, yenye vitabu vya kiada kuanzia elimu ya awali. Unajisajili mara moja, kisha unasoma kwenye simu. Ushauri wetu kwa mwenye simu moja: ingia ukiwa mahali penye mtandao mzuri, fungua kurasa zilizotajwa kwenye karatasi, zipige picha za kioo, uziweke kwenye albamu yenye jina la somo. Mtoto atazisoma jioni bila MB hata moja. Angalia toleo pia. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, na vitabu vyake si sawa na vya zamani. Namba za kurasa zisipolingana na mada, piga dawatini uulize ni toleo gani kabla mtoto hajajibu maswali ya mada nyingine.

Kundi la WhatsApp. Kila darasa lina lake, na admini pekee ndio wanaoandika. Wapo wazazi wanaolalamika kwamba wamefungwa midomo. Sisi tunaona ni busara. Kundi la walezi mia likiachwa wazi, kazi ya Jumatatu hufunikwa na salamu, pole za msiba na matangazo ya viwanja kabla ya saa sita mchana. Maswali yanapelekwa kwa namba ya dawati, moja kwa moja.

Walimu hutuma sauti za dakika tatu hadi tano zinazoeleza karatasi. Huu ndio uamuzi bora kuliko yote waliyofanya kwa upande wa simu. Sauti ya dakika 5 ni kama MB 1 tu, inapakuliwa hata mtandao ukiwa hafifu, na inasubiri. Simu ikirudi jioni, mtoto anasikiliza mara tatu, anaandika. Mwalimu wa Hisabati anaanza kila sauti kwa kusema, "Shika karatasi ya manjano, ukurasa wa tatu, swali la pili." Wengine wangemwiga. Wapo wanaotuma sauti bila kutaja ukurasa, na mtoto mwenye sauti 30 hajui ipi ni ya nini.

Kwa mlezi, mambo manne ya kufanya siku ya kwanza. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa video wa moja kwa moja, vinginevyo bando la siku litaisha kwa video za harusi za makundi mengine. Bandika kundi la darasa juu ya orodha. Kila sauti ya kazi iwekee nyota, ili uzipate zote mahali pamoja. Na pakua sauti siku hiyohiyo: faili likikaa muda mrefu bila kupakuliwa huondolewa, na WhatsApp itakutaka umwombe aliyelituma alitume upya. Aliyechelewa kuunganishwa kwa kawaida haoni yaliyotangulia, hivyo amwombe admini kwa heshima amrushie orodha ya wiki. Dawati huiandaa kila Jumamosi, na tumeiona ni safi: siku, somo, ukurasa, sauti ya ngapi.

Kuhusu Zoom hatutasema mengi. Vipindi ni viwili kwa wiki, saa 4 asubuhi, wakati simu ziko kazini. Saa moja ya Zoom yenye picha inaweza kula karibu GB 1. Shule inatumia akaunti ya bure ambayo hukata mkutano dakika ya 40, na nusu ya darasa hairudi baada ya kukatwa. Anayetaka kuhudhuria azime video yake na aombe mwalimu naye azime, matumizi yatashuka mno. Lakini ukweli ni kwamba mwalimu akiyasema hayohayo kwa sauti tatu za WhatsApp, watoto wengi zaidi watamsikia. Tunashauri muda huo uhamishiwe kwenye kusahihisha.

Kwa kidato cha tatu na cha nne kuna Google Classroom pia, darasa la mtandaoni, na hapa malalamiko ni mengi kuliko inavyostahili, maana chanzo ni kimoja. Shule imewapa wanafunzi akaunti zake, na darasa linakubali akaunti hizo tu. Mtoto anafungua programu kwenye simu ya baba, ambayo tayari ina Gmail ya baba, anaandika kodi ya darasa, yaani herufi na tarakimu za kuingilia, anakataliwa. Anadhani kodi ni mbovu. Kodi haina kosa. Agusa picha ya duara juu kulia, achague kuongeza akaunti nyingine, aweke ile ya shule na nywila iliyo nyuma ya kitambulisho chake, ndipo aingize kodi. Kodi iliyonakiliwa kwa mkono nayo huleta shida, herufi l na tarakimu 1 zikifanana. Omba itumwe kwa ujumbe ili uinakili na kuibandika. Na usimfungulie mtoto wa darasa la tano Gmail kwa kumwongezea umri. Google inataka aliye chini ya miaka 13 asimamiwe na akaunti ya mzazi, na akaunti yenye umri wa uongo inaweza kufungwa siku kazi zote ziko ndani yake. Kwa msingi, dawati halitumii Classroom kabisa, na wamefanya vema.

Kurudisha kazi ni kwa bahasha au kwa picha. Picha ndizo zinazowatesa walimu, kwa hiyo tueleze kwa makini. Piga mchana, karibu na mlango au dirisha, kivuli cha mkono wako kisiangukie karatasi. Zima flashi, maana huacha doa jeupe katikati ya ukurasa. Weka daftari sakafuni au mezani, simama, shika simu sambamba na karatasi, ukurasa mmoja picha moja. Jina, darasa, somo na namba ya ukurasa viandikwe juu kwa kalamu kabla ya kupiga, kwa sababu picha zikifika kwa kupishana, mwalimu hana namna nyingine ya kuzipanga. Penseli haionekani, tumia kalamu ya bluu au nyeusi, isipokuwa kwa michoro, nayo ikoleze. Mwenye programu ya Google Drive anaweza kuskani kurasa zote zikawa PDF moja: gusa alama ya kuongeza, chagua kuskani, piga ukurasa baada ya ukurasa, hifadhi kwa jina la mtoto na somo. PDF moja ya kurasa sita inasahihishwa. Picha 14 zilizolala ubavu zinawekwa pembeni "kwa baadaye".

Na hiyo "baadaye" ndiyo inayotuuma. Kazi za likizo ya wiki nne zinaweza kurudi zimesahihishwa baada ya wiki tatu, wakati shule imekwisha funguliwa na mada imepita. Mtoto aliyekosea kuhamisha alama ya kutoa kwenye mlinganyo wa kwanza amekosea hivyohivyo kwenye 25 zilizofuata, na sasa kosa limekuwa mazoea. Sababu inajulikana. Mwalimu yuko likizo, anasahihisha usiku kwa simu yake na kwa bando lake mwenyewe, picha baada ya picha, na hajalipwa chochote cha ziada. Hatuwezi kumlaumu. Shule inayotoza huduma itenge bando na posho ya walimu wa kusahihisha, na ipunguze kinachosahihishwa: maswali matatu kwa somo kwa wiki yanatosha kuonyesha mtoto amekwama wapi. Mengine yawe na ukurasa wa majibu yenye njia, ndani ya bahasha iliyofungwa, mlezi aifungue Ijumaa. Fizikia na Hisabati wameanza kufanya hivyo. Masomo ya sanaa bado.

Tulipoandika kwamba namba ya simu ni nzuri tulimaanisha watu wanaoipokea. Unabipu, wanakupigia ndani ya dakika chache, kwa hiyo salio si kikwazo. Adabu yao ni ya kwetu. Mlezi mzee anapokelewa kwa "Shikamoo bibi", anaachwa aeleze, hakatizwi. Kisha maswali yanakuja kwa mpangilio: mtoto ni wa darasa gani, bahasha iko mbele yako, rangi gani, ukurasa una picha ya nini? Mtu asiyesoma anaelekezwa kwa rangi na picha mpaka anafika. Akisema, "Mwanangu, mimi hiki Kiingereza sikijui," anajibiwa, "Usijali bibi, mpe yeye simu, nawe kaa hapo usikie," na mtoto anaelezwa mbele ya bibi yake ili baadaye asiseme hakuelezwa. Hatujui mafunzo ya huduma kwa wateja yanayomzidi mhudumu wa namna hiyo.

Lakini namba inafungwa saa 11 jioni. Mkulima wa Nanyamba anarudi magharibi. Mvuvi anayetoka usiku analala mchana. Wahudumu ni wawili, basi mmoja aanze saa 2 asubuhi, mwenzake aanze saa 7 mchana hadi saa 2 usiku. Hakuna gharama mpya, ni kupanga zamu tu.

Gharama ni shilingi 15,000 kwa likizo moja, bila nauli ya mzigo. Ukichukua PDF na kwenda kuprinti mwenyewe steshenari kwa shilingi 200 ukurasa, kurasa 60 ni 12,000, na huna karatasi za rangi, huna simu ya msaada. Kwa mwenye mtoto mmoja bei ni ya haki. Mwenye watoto watatu anastahili punguzo kwa sababu karatasi ya mzazi na simu ni zilezile, na kwa sasa punguzo halipo.

Jambo moja tunalipinga waziwazi. Mzazi anayedaiwa ada huondolewa kwenye kundi na bahasha ya mtoto inazuiwa. Familia nyingi za hapa hulipa ada fedha za korosho zikiingia, na malipo baada ya mnada kupitia chama cha msingi yanaweza kuchelewa wiki kadhaa bila kosa la mkulima. Mtoto anakaa likizo nzima bila kazi kwa deni litakalolipwa Januari. Shule idai ada kwa barua na kwa simu, bahasha iende. Gharama yake ni karatasi 60.

Kabla ya kulipia huduma kama hii, hapa au Lindi, Masasi, Nachingwea, uliza mwalimu wa taaluma maswali yafuatayo na usubiri majibu yenye namba: kazi itasahihishwa ndani ya siku ngapi na nani? Nikiwa na kitochi nitapata nini badala ya sauti? Kuna ukurasa wa majibu? Vitabu vinavyotajwa mtoto anaruhusiwa kuja navyo nyumbani? Shule ikifungwa ghafla, bahasha ya dharura imekwisha tayarishwa au itaanza kutafutwa siku hiyo? Dawati tuliloeleza linayo bahasha ya siku tano kwa kila darasa, imewekwa kabatini tangu mwanzo wa muhula, na kwa ukanda unaopata tahadhari za vimbunga Aprili na Mei, hilo pekee lingetosha kutufanya tuipendekeze.

Fomu ya likizo hutolewa wiki mbili kabla ya kufunga. Ukiipokea bahasha, ifungue palepale dawatini au stendi, hesabu kurasa ukilinganisha na orodha ya nyuma ya karatasi ya mzazi, na angalia kila ukurasa kama kopi imetoka pande zote. Mashine ikikosa wino huwa inaacha kurasa za katikati zimefifia, mara nyingi kuanzia somo la tatu, na ukurasa uliofifia hubadilishwa bure ukisema kabla ya kuondoka.